DATSUN 240Z: Mchuma Ulioshinda Safari Rally, Ukaliwa na Kutu, na Ubishi wa Kuufufua Ambao Hauishi

Fundi anavuta turubai, vumbi linaruka. Chini yake kuna pua ndefu, taa mbili za duara zilizozama ndani, na mgongo unaoshuka taratibu mpaka nyuma. Tairi zote zimelala. Panya wamejenga kwenye siti. Mwenye gari anaitazama kama mtu aliyeonana na ndugu yake baada ya miaka mingi, halafu anasema maneno ambayo kila fundi wa magari ya zamani ameshayasikia: "Fundi, nataka irudi kama mpya."

Fundi mzoefu hakimbilii spana. Anauliza kwanza: "Mpya ya lini, bosi?"

Swali linaonekana la kipuuzi, ila ndo lenyewe. Iwe gereji ya Nairobi, California au Yokohama, kazi yote itakayofuata inategemea jibu lake. Datsun 240Z haijawahi kuwa kitu kimoja. Ilitoka kiwandani ikiwa tofauti kwa nchi tofauti. Watu wakaanza kuibadilisha ikiwa bado inanukia rangi. Leo, miaka zaidi ya hamsini baadaye, ubishi ni ule ule: kufufua gari ni kuirudisha ilivyokuwa, au ni kuifanya bora kuliko ilivyowahi kuwa? Ukijibu vibaya unapoteza hela, na wakati mwingine unapoteza gari yenyewe.

ILIZALIWA NA MAJINA MAWILI

Oktoba 1969, Nissan iliitambulisha nyumbani Japani gari ya milango miwili iliyoitwa Fairlady Z. Jina la Fairlady kampuni ilikuwa inalitumia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na lilitokana na mchezo wa jukwaani wa My Fair Lady ambao mkuu wa kampuni aliutazama akaupenda.

Upande wa Marekani, biashara ya Nissan ilikuwa mikononi mwa Yutaka Katayama, ambaye wapenzi wa Z duniani wanamwita Mr. K. Huyu mzee aliona kabisa kwamba Mmarekani anayetaka gari ya kukimbia hawezi kununua kitu chenye jina la bibie mrembo. Magari ya kwanza yalipofika, akaagiza yale maandishi ya Fairlady yang'olewe na pabandikwe 240Z. Namba 240 ni ukubwa wa injini tu, lita 2.4. Yaani mabadiliko ya kwanza kabisa kwenye gari hii yalikuwa kung'oa jina, na yalifanywa kabla mnunuzi hajashika funguo.

Injini nazo hazikuwa moja. Japani, gari yenye injini ya kuzidi lita 2 ilikuwa inakamuliwa kodi, kwa hiyo Fairlady Z ya kawaida ilipewa lita 2.0. Iliyokwenda nje ndiyo iliyopata ile ya cc 2,393, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, kabureta mbili, na nguvu farasi 151 kwa hesabu za wakati ule. Uzito wake ulikuwa kama tani moja tu. Kila tairi ilikuwa na mfumo wake wa kujitegemea wa springi na shokapu, kitu ambacho kwa gari ya bei ile hakikuwa cha kawaida. Breki za mbele zilikuwa za diski, za nyuma za dramu.

Bei Marekani: dola 3,526. Porsche 911 na Jaguar E-Type zilikuwa juu zaidi kwa mbali. Watu walipanga foleni kwa mawakala, na waliobahatika kuipata mapema waliweza kuiuza ikiwa imetumika kwa bei ya juu kuliko ya dukani. Mpaka familia hiyo ya kwanza ya Z inafikia mwisho mwaka 1978, yalikuwa yameuzwa zaidi ya magari nusu milioni.

Fundi anayejua kazi anaanza na namba ya bodi. Ikianza na HLS30, hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya nchi za usukani wa kushoto. Ikianza na HS30, ni ya usukani wa kulia. Herufi chache tu, lakini zinamwambia gari ilizaliwa kwa ajili ya barabara za wapi. Bila kujua hilo, hata neno "orijino" halina maana.

VUMBI LA AFRIKA MASHARIKI

Hapa ndo stori inakuja nyumbani.

Safari Rally ilianza mwaka 1953, na kufikia miaka ya 1970 ilikuwa kipimo cha gari duniani. Haikuwa mbio za kuzunguka uwanja. Ilikuwa ni maelfu ya kilomita za barabara za wazi, vumbi la kuziba pua asubuhi na tope la kumeza tairi jioni, kwa Pasaka ambayo mvua hazina urafiki na mtu. Kumaliza tu ilikuwa sifa.

Mwaka 1970 Nissan ilishinda kwa Datsun 1600 SSS, dereva akiwa Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa anaishi Kenya. Mwaka uliofuata wakamkabidhi 240Z. Wengi walikuwa wanaiona kama gari ya kujirusha mjini, pua ndefu na siti mbili, itaenda kufanya nini kwenye tope? Herrmann na mwenzake Hans Schüller wakashinda. Nafasi ya pili ikachukuliwa na 240Z nyingine ya Shekhar Mehta.

Huyo Mehta ndiye mwenye sura ya pili ya stori. Alizaliwa Uganda, na mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia alihamia Kenya. Mwaka 1973, mwaka ule ule Safari ilipoingia kwenye ubingwa mpya wa dunia, alirudi na 240Z akiwa na msoma ramani wake Lofty Drews. Wakamaliza wakiwa sawa kabisa kwa pointi za adhabu na Harry Källström, aliyekuwa kwenye Datsun nyingine. Ikabidi kitabu cha sheria kifunguliwe: anashinda aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Mehta akapewa ushindi. Mtu aliyepoteza nchi yake mwaka mmoja kabla, akasimama juu ya jukwaa Nairobi. Baadaye angeongeza ushindi mwingine wanne mfululizo, 1979 mpaka 1982.

Sasa jiulize: zile 240Z za Safari zilikuwa za dukani? Thubutu. Zilinyanyuliwa juu, zikaongezewa nguvu chini, zikafungwa taa za ziada na kinga za kupambana na mawe. Gari iliyoipa Z heshima kubwa kuliko zote barani Afrika ilikuwa tayari imeboreshwa. Kwa hiyo mtu anayesema Z halisi ni ile isiyoguswa, aanze kwanza kuijibu Safari.

Marekani nako mambo yalikuwa hivyo hivyo. Timu ya Pete Brock ya California, BRE, ilimpa John Morton 240Z iliyopikwa, na akachukua ubingwa wa taifa wa daraja lake mwaka 1970 na 1971. Spoila ya mbele ya BRE mpaka leo bado inaigwa na kufungwa kwenye Z za watu ambao hawajawahi kukanyaga uwanja wa mashindano.

KUBORESHA KWA KURUDI NYUMA

Kuna kipande cha historia hii ambacho watu wengi hukiruka, na ni kitamu.

Mwaka 1973 sheria za hewa chafu Marekani zilizidi kubana. Nissan ikabadilisha kabureta. Zile za mwanzo zilikuwa na vichwa vya duara, mpya zilikuwa na vichwa bapa, na karibu kila mtu alizichukia. Gari ikipata moto ilikuwa inasumbua kuwaka, inakohoa, inapoteza nguvu barabarani. Wenye magari walifanyaje? Walitafuta kabureta za 1970 mpaka 1972 zilizong'olewa kwenye magari yaliyoanguka, wakafunga hizo.

Yaani mtu ana gari mpya, anaiboresha kwa kufunga spea ya zamani. Na leo ukiwa na Z ya 1973 unayotaka "irudi kama ilivyotoka kiwandani", swali linakuwa gumu kweli kweli. Kiwandani ilitoka na kabureta mbovu. Unazirudisha? Wapo wanaozirudisha kwa ajili ya maonyesho, gari inapendeza kwa majaji na inasumbua njiani. Wengi wanafunga zile za duara na kulala usingizi.

Baadaye ikaja 260Z, kisha mwaka 1975 280Z yenye lita 2.8 na mfumo wa kupuliza mafuta badala ya kabureta. Gari ikaongezeka uzito, bampa zikawa kubwa kwa sababu ya sheria za usalama. Ilikuwa nyepesi kuwaka na nzito kukimbia. Wapenzi wa 240Z hawajazisamehe zile bampa mpaka kesho.

ADUI WA KWELI NI KUTU

Wengi wanafikiri kufufua gari ya zamani ni suala la injini. Injini ya Z ni chuma cha kuaminika, bloku lake ni la kumimina na linavumilia mateso. Kinachoua 240Z ni kutu.

Sababu ni hii. 240Z haina chesisi ya kujitegemea kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Bati lake ni jembamba, na kinga dhidi ya kutu siku zile ilikuwa ndogo. Peleka gari hiyo kwenye miji ya Marekani inayomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, halafu subiri. Maji yanaingia chini ya kioo cha mbele na kutuama. Tindikali ya betri inadondoka na kula bati lililo chini yake. Mihimili inayopita chini ya sakafu inaoza kwa ndani, kwa nje inaonekana nzima. Unagonga kwa bisibisi, inazama.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya fundi ni kuvunja moyo wa mwenye gari. Rangi inakwaruzwa, na chini yake yanatokea maajabu ya mafundi waliopita: puti nene kama ukuta, bati la kopo lililobandikwa kwa rivetı za haraka haraka, gundi, magazeti. Kila mmiliki aliyeiuza aliificha kidogo, aliyenunua akaficha zaidi.

Baada ya hapo inafuata kazi ya subira. Kila nati inayotolewa inaingia kwenye mfuko wake na kuandikwa ilikotoka. Picha zinapigwa kila hatua, maana miezi minane baadaye hamna anayekumbuka waya wa kijani ulikuwa unakwenda wapi. Bodi inasafishwa mpaka bati tupu, lakini siyo kwa mchanga wa nguvu kila mahali, kwa sababu mchanga wa nguvu unaweza kuikunja paneli pana kama boneti isirudi tena.

Halafu kuna mtego unaowakamata wenye haraka. Ukikata sakafu iliyooza bila kwanza kufunga vyuma vya kushikilia bodi kwa ndani, gari inalegea katikati. Utachomelea vizuri, utasugua msasa, utapiga praima, na siku ya kufunga milango ndo unagundua haifungi. Hapo hakuna rangi ya kuokoa. Unarudi mwanzo. Fundi bodi mzuri anafunga na kufungua milango kila baada ya mshono, kama daktari anayepima mapigo ya mgonjwa.

Rangi huja mwisho kabisa. Kama mwenye gari anataka ile ya chungwa maarufu, kiwanda kiliipa namba 918, na wajuzi wakiona imekosewa kidogo tu watasema.

MOYO MPYA KWENYE KIFUA CHA ZAMANI

Bodi ikishapona, ndipo ubishi wa kuboresha unaanza upya, safari hii ukiwa na kelele zaidi.

Kuna njia ya kistaarabu. Injini ya lita 2.8 ya 280Z inaingia kwenye 240Z bila kukata kitu, kwa sababu ni ukoo mmoja. Kuna pia siri ambayo vijana wa Japani na Marekani waliigundua kwenye makopo ya dizeli. Nissan ilikuwa na injini ya dizeli ya ukoo huo huo, LD28, na krenki yake inasukuma pistoni milimita 83 badala ya 79. Chukua krenki hiyo ya dizeli iliyotengenezwa kwa ajili ya gari za watu wazima wasio na haraka, ifunge kwenye bloku la petroli, tanua silinda mpaka milimita 89, na lita 2.8 inakuwa lita 3.1. Ongeza kabureta tatu za Weber au Mikuni, na mlio wake unasikika mitaa mitatu. Kwa nje gari bado ni 240Z ya babu.

Breki nazo zina siri inayowahusu sana watu wa huku. Ukiongeza nguvu halafu ukaacha breki za 1970, umejichimbia kaburi. Kalipa, yaani lile dude linalobana diski, wapenzi wa Z Marekani walilipata kwenye Toyota Hilux za 4x4 za miaka ya 1980. Lina pistoni nne, linakaa kwenye 240Z kwa marekebisho madogo, na halikuwa ghali kwa sababu Hilux zilijaa kila kona. Gari ya kifahari ya mashindano inasimama kwa breki za pikapu ya kubebea mkaa. Lakini fundi makini anaonya: ukizidisha breki za mbele bila kuangalia za nyuma na pampu kuu, gari itakaza mbele tu na kazi yote itakuwa bure.

Halafu kuna njia ya wasiojali. Tangu miaka ya 1970 Wamarekani walikuwa wanachomeka injini za V8 za Chevrolet kwenye pua ile ndefu. Baada ya 1989, Skyline GT-R ilipokuja na RB26, injini ya silinda sita yenye turbo mbili, ndoto ikabadilika. RB26 nayo ni ya mstari mmoja, ni ya Nissan, na ile pua ni kama ilikuwa inaisubiri. Katuni ya Kijapani ya Wangan Midnight, iliyoanza 1990, ikaifanya Z iliyopikwa kuwa jini la barabara kuu za usiku Tokyo, na kizazi kizima cha wacheza gemu kikaijua Z kwa njia hiyo.

Tatizo ni kwamba ukiingiza nguvu ya RB26 kwenye bodi iliyoundwa kwa ajili ya farasi 151, unaikunja. Lazima uiongezee vyuma, ubadilishe gia boksi, difu, springi, rejeta, nyaya, mpaka tenki la mafuta. Kuna sehemu za bati unazikata ambazo hazirudi tena. Mwisho wa siku mwenye gari ana mashine kali sana, ila ukimuuliza ni nini kilichobaki cha 1971, anaanza kuhesabu kwa vidole.

KIWANDA CHENYEWE KILIPOJARIBU

Mtu anaweza kusema, basi wenye gari lao ndio waamue, Nissan wenyewe wafanye. Walishajaribu.

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, Nissan ya Marekani ilikuwa haina Z ya kuuza baada ya 300ZX kuondolewa sokoni. Ili jina lisife, ikaja na wazo: inunue 240Z za zamani, izipeleke kwa mafundi maalumu California, zifumuliwe zote na kujengwa upya, halafu ziuzwe kwa mawakala wa Nissan kama mpya kwa karibu dola 25,000. Mpango ulikuwa kutengeneza kama 200.

Hazikufika hata 50. Kwa nini? Hesabu iligoma. Kila gari ilificha kutu yake, kila gari ilidai masaa yake. Kiwanda kinajua kutengeneza gari elfu zinazofanana. Kufufua ni kutengeneza gari moja moja ambazo kila moja ina ugonjwa wake. Kama kampuni yenye michoro yote na jina lote haikuweza kupata faida, basi yule mwenye gari anayeambiwa na fundi "miezi mitatu tu bosi, na hela kidogo" ajue anapigwa fiksi.

Somo la pili lilitoka Japani, na ni tofauti kabisa. Ile 240Z yenyewe iliyoshinda Safari ya 1971 ilihifadhiwa na Nissan. Kwa miaka mingi ilikuwa kitu cha kutazama tu. Kisha kikundi cha wafanyakazi wa Nissan wanaojitolea, ambao hufufua magari ya zamani ya kampuni, wakaichukua, na mwaka 2013 ikawaka na kutembea tena. Hapo hakukuwa na suala la kuiuza wala kuiongezea nguvu. Walikuwa wanamrudishia pumzi shahidi.

Na huku kwetu? Tangu 2003 kuna Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani yanayopita barabara za Afrika Masharikı. Z zimo. Zimenyanyuliwa, zimeimarishwa, zinapigwa mawe na kutolewa kwenye tope kama zamani. Wakati kijana wa Los Angeles anaishusha Z yake mpaka inakwaruza lami, fundi wa Kenya anaipandisha ili ipite kwenye mtaro. Wote wawili wanaamini wanaiheshimu, na hakuna anayedanganya.

HELA ZINASEMAJE

Mwaka 2015, kwenye maonyesho makubwa ya SEMA kule Las Vegas, mwigizaji Sung Kang, yule Han wa Fast and Furious, alitoka na 240Z ya 1973 aliyoiita FuguZ. Ndani ina RB26, nje ina mabega yaliyotanuliwa. Watu walichanganyikiwa, na ikapata tuzo. Kwa vijana wengi hiyo ndiyo picha ya Z.

Januari 2020, kwenye mnada wa mtandaoni, 240Z ya 1971 iliuzwa kwa dola 310,000. Haikuwa na RB26 wala mabega. Ilikuwa ni gari iliyotembea kidogo tu maishani mwake, ikiwa karibu kama ilivyozaliwa. Mtu alilipa bei ya nyumba kwa sababu hakuna aliyeigusa sana.

Hapo ndo wengi wanapochanganya mambo. Wanasikia dola 310,000, wanafikiri gari yao iliyooza nyuma ya nyumba ni dhahabu. Siyo. Bei ile ni ya gari iliyotunzwa, siyo iliyofufuliwa. Gari iliyooza ukiirudisha kama mpya, gharama inaweza kuzidi bei utakayouzia, Nissan wenyewe ni mashahidi. Na ukiipika kwa ladha yako, mnunuzi lazima awe na ladha kama yako. Kwa hiyo anayefufua Z kwa ajili ya kuuza amekosea njia mapema. Inabidi aifufue kwa ajili ya mtu fulani, na mtu huyo awe tayari kuiendesha.

SANDUKU LA KONA

Mafundi wazuri wa Z wana desturi moja isiyo na kelele. Kila kitu cha zamani wanachokitoa hawakitupi. Kabureta, usukani wa plastiki wenye sura ya mbao, breki za dramu, hata bolti zenye alama za kiwanda, vyote vinasafishwa, vinapakwa mafuta, vinaingia kwenye sanduku na kukabidhiwa kwa mwenye gari pamoja na funguo. Na wakiweza kuchagua kati ya kukata na kufunga kwa bolti, wanafunga kwa bolti, hata kama inachukua wiki mbili zaidi.

Sababu wanaijua. Mwenye gari wa leo anataka nguvu. Mwanaye anaweza kutaka ile ya babu. Kilichofungwa kwa bolti kinafunguka, kilichokatwa kimekwenda. Kutu ilishakata vya kutosha bila msaada wa mtu.

Kwa hiyo lile swali la mwanzo, "mpya ya lini, bosi?", halina jibu moja sahihi. Inaweza kuwa mpya ya Japani 1969, ya Los Angeles 1970, ya tope la Safari 1971, au ya Tokyo usiku. Kosa ni kuanza kukata kabla hujajibu.

Haya wadau, ukipewa 240Z leo ikiwa imelala chini ya turubai, unairudisha ilivyozaliwa au unaitia RB26? Na lile sanduku utalitunza, au utauza chuma chakavu? Shusha jibu lako hapo chini.